Mzazi, Shule na Lugha ya Darasa: Likasi na Mwadingusha tangu Kambi za Union Minière

Mwadingusha ni mahali padogo kando ya mto Lufira, katika eneo la Kambove, kiasi cha kilomita 60 mashariki ya Likasi. Jina lake lajulikana zaidi kwa mafundi wa umeme kuliko kwa wanahistoria. Mwaka 1930 mitambo ilianza kufanya kazi penye maporomoko ambayo wakoloni waliyaita Cornet, kwa jina la mwanajiolojia Mbelgiji aliyepita Katanga mwaka 1892. Kituo chenyewe kilipewa jina la Francqui, na maji yaliyozuiwa na bwawa yakafanya ziwa la Tshangalele ambalo hata leo lalisha wavuvi wengi. Umeme huo haukukusudiwa wakazi wa hapo. Ulikusudiwa viwanda vya shaba vya Union Minière huko Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Tangu mwanzo, basi, Mwadingusha iliishi kwa kuutazama mji: kwa umeme, kwa mshahara, na pia kwa jambo linalohusu makala hii, yaani shule.

Mzazi anayemwondoa mtoto wake katika shule ya umma na kutafuta shule ya msingi ya binafsi huchagua nini? Jibu lililozoeleka ni kwamba huchagua mwalimu anayelipwa, darasa lisilojaa kupita kiasi, na mwaka usiokatwa na migomo. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Historia ya sehemu hii ya Katanga yaonyesha kwamba kila mara shule ilipopata mwenyewe mpya, lugha ya darasa nayo ilibadilika au ilitiwa mashakani. Mzazi, hata asipoitaja lugha, huwa ameichagua, au amechaguliwa.

Kwanza yapasa kutazama upya maneno haya mawili, "umma" na "binafsi", kwa sababu katika nchi hii hayakuanza na maana yaliyo nayo leo. Mapatano ya mwaka 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Kiti Kitakatifu yaliipa misioni ya kikatoliki ardhi, nayo misioni ikakubali kufungua shule. Ubelgiji ulipoichukua nchi mwaka 1908 haukuharakisha kujenga shule zake kwa ajili ya watoto wa Kiafrika. Uliziachia misioni kazi hiyo, na tangu miaka ya 1920 ukazipa ruzuku shule za misioni zilizoitwa za "kitaifa", ambazo karibu zote zilikuwa za wakatoliki. Waprotestanti, kwa kuwa wengi wao walitoka Marekani, Uingereza au nchi za Skandinavia, walingoja ruzuku hiyo hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wamethodisti wa Mulungwishi, kati ya Likasi na Fungurume, walisomesha miaka mingi kwa sadaka za waumini wao na kwa karo. Kwa hiyo katika Katanga shule ya "binafsi" ndiyo iliyotangulia. Shule ya serikali ilikuja nyuma yake, kama mgeni.

Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu. Huko mashambani walipendelea lugha ya wenyeji. Katika nchi ya Basanga, ambamo Mwadingusha imo, walitumia Kisanga, na mmoja wao, Padri Hadelin Roland, aliandika sarufi ya lugha hiyo. Katika kambi za wafanyakazi hali ilikuwa nyingine. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na kwa miaka mingi watu wa migodini walitoka Rodezia ya Kaskazini na sehemu nyingine za kusini. Wakubwa wa Kibelgiji waliogopa kwamba Kiingereza, na lugha za kazi zilizotoka Afrika ya Kusini, vingewavuta wafanyakazi upande wa Waingereza. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameeleza kwa urefu jinsi Kiswahili kilivyopewa nguvu katika hali hiyo. Kampuni ilipoanza kuleta watu kutoka Lomami, Maniema na Ruanda-Urundi, Kiswahili kilikuwa lugha ya amri kazini, ya posho, ya mahubiri, na hatimaye ya ubao wa darasa.

Jambo hili lilitimia pamoja na siasa ya kuwatuliza wafanyakazi, iliyoanza mwaka 1927 na 1928 na kuongozwa hasa na daktari Léopold Mottoulle. Mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka 3 badala ya miezi michache. Aliruhusiwa, tena alihimizwa, kuja na mke wake. Na watoto waliozaliwa kambini walihesabiwa kuwa wafanyakazi wa kesho. Kampuni iliwajengea shule na kuzikabidhi kwa mapadri na masista. Hapo mzazi hakuchagua chochote. Shule ilikuwa sehemu ya kambi kama vile nyumba, hospitali na gunia la unga. Watoto walianza kusoma na kuandika kwa Kiswahili, na Kifaransa kiliongezwa kidogo kidogo kwa wale waliotazamiwa kuwa makarani au mafundi. Wasichana walielekezwa zaidi kwenye ushonaji na kazi za nyumbani.

Kiswahili kile cha vitabu vya misioni hakikuwa Kiswahili cha uani. Mtoto aliyesema nyumbani "batoto banakuya" alifundishwa kuandika "watoto wanakuja". Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa mtu wa pwani, ila ilileta matokeo makubwa. Tangu mwanzo Kiswahili cha shule kilikuwa na sura ya lugha ya wengine. Wazazi walikitii kwa sababu kampuni ilikitaka. Hawakupata nafasi ya kukipenda kama chao. Siku kampuni ilipoondoka, hapakuwa na mtu wa kukitetea darasani.

Mlango wa kwanza wa kuchagua ulifunguliwa mwaka 1954. Waziri wa Makoloni Auguste Buisseret, mwanachama wa chama cha waliberali, aliamua kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika. Ugomvi na misioni ulikuwa mkali. Hapo mwendo ulikuwa kinyume na wa leo: mzazi aliyejiona ameendelea alimtoa mtoto katika shule ya misioni na kumpeleka ya serikali. Sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa programu iliyokaribia ile ya Ubelgiji, pamoja na Kifaransa. Watu wa mijini walikuwa wamekwisha kuona kwamba elimu inayoishia katika lugha ya kambi huishia pia katika mshahara wa kambi. Lawama yao dhidi ya misioni, kwamba ziliwashikilia watoto katika lugha za kienyeji ili wasiende mbali, haikuwa ya haki kabisa, kwani misioni ndizo zilizoendesha seminari pia. Hata hivyo haikutoka hewani.

Baada ya uhuru, mageuzi ya mwaka 1962 yalikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Lengo lilikuwa umoja wa nchi iliyokuwa inapasuka, na Katanga yenyewe ilikuwa bado katika utengano wake, uliokwisha mwezi Januari 1963. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na baada ya majina mawili matatu ikaitwa Gécamines. Shule zake zilibaki zake. Kwa watoto wa wafanyakazi wake wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi zilikuwa shule bora, tena bila malipo, na watu waliokuwa nje ya kampuni walizitazama kwa wivu.

Mwaka 1974 wastahili kukumbukwa na wasomaji wa jarida hili kwa mambo mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja. Mwezi Mei, semina ya kwanza ya taifa ya wanaisimu wa Zaire ilikutana Lubumbashi, na miongoni mwa mambo yaliyotakiwa ni lugha za taifa zitumike katika madarasa ya chini. Tarehe 30 Desemba ya mwaka huohuo, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba inachukua shule zote za madhehebu. Wanaisimu walitaka lugha ya mtoto iingie shuleni. Serikali ilitaka shule yenyewe, na somo la dini likaondolewa ili elimu ya siasa ya chama ipate nafasi. Lugha za taifa zilirudi kwa kiasi fulani katika miaka miwili ya mwanzo, lakini bila vitabu vya kutosha na bila walimu walioandaliwa, na katika wakati ambapo utawala wa shule ulikuwa umevurugika. Hivyo wazazi wengi walizikumbuka pamoja na vurugu. Haikuwa kosa la lugha, ila kumbukumbu ya watu haipangi sababu kwa utaratibu wa mwanahistoria.

Serikali haikuweza kuziendesha shule hizo. Kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 ilizirudishia kanisa katoliki, Waprotestanti na Wakimbangu uongozi wa shule zao, huku zikibaki za umma kwa mshahara na programu. Ndizo shule za mkataba, ambazo mpaka leo ni sehemu kubwa ya shule za umma nchini. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asishangae akisikia katika Likasi kwamba shule ya masista ni shule ya serikali. Sheria ya tarehe 22 Septemba 1986 iliweka wazi aina ya tatu: shule ya binafsi iliyopata kibali, yenye mwenyewe wake, inayofuata programu ya taifa na kuishi kwa karo, au minervali kama watu wanavyosema.

Aina hiyo ilikuwa tayari kwenye karatasi wakati mambo yalipoanguka. Mgodi wa Kamoto huko Kolwezi ulibomoka mwezi Septemba 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mwezi Septemba 1991 askari na raia walipora miji. Walimu wa serikali, ambao mishahara yao ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei, waligoma mpaka mwaka wa masomo wa 1991–1992 ukapotea sehemu nyingi. Kisha, mwaka 1992 na 1993, familia zilizohesabiwa kuwa za Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Maelfu ya watu, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walikaa miezi kadhaa karibu na kituo cha reli cha Likasi wakingoja treni. Miongoni mwao walikuwa mafundi, makarani na walimu. Historia ya shule za Likasi haiwezi kuandikwa bila kusema kwamba mji ulijinyang'anya wenyewe sehemu ya walimu wake katika mwaka uleule uliowahitaji kuliko mwingine wowote.

Ili madarasa yafunguliwe, maaskofu na wazazi walikubaliana kwamba wazazi wamwongezee mwalimu kitu. Hapo ndipo ilipozaliwa primu. Ilitazamiwa kuwa msaada wa muda mfupi. Ilikaa zaidi ya miaka 25. Tena haikubaki kwa mwalimu. Sehemu ya pesa zilizotolewa shuleni ilipanda ofisi kwa ofisi, ya serikali na ya madhehebu, kwani ofisi nazo hazikuwa na kitu kingine cha kuishi. Wachunguzi wanaosema kwamba wazazi "waliacha shule ya bure kwenda ya kulipia" hawakutazama jambo hili. Shule ya umma ilikuwa imekwisha kuwa ya kulipia. Mzazi aliyehama hakuvuka mpaka kati ya bure na malipo. Alilinganisha malipo mawili na kuuliza ni lipi litakaloleta mwalimu darasani.

Kwa watu wa kampuni mabadiliko yalikuwa machungu zaidi. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 Bana Shaba abandonnés par leur père, na baba anayetajwa katika jina hilo ni kampuni. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari na kugharamiwa na Benki ya Dunia. Baba wa familia ambaye baba yake na babu yake hawakuwahi kuchagua shule alijikuta, akiwa na umri wa miaka 50, akitembea mtaa kwa mtaa kuulizia bei za shule.

Aliyapata mabango mengi. Karibu kila bango limeandikwa "Complexe Scolaire", kisha jina la mtakatifu, la fadhila au la mwenye shule. Nyuma ya bango huenda pana jengo la ghorofa, au pana vyumba viwili vya nyumba ya kukaa. Kuna maswali ambayo mzazi mwangalifu hujifunza kuuliza. Shule ina kibali? Isipokuwa nacho, watoto wa mwaka wa sita wataandikishwa kwa mtihani wa taifa chini ya jina la shule nyingine. Waliofaulu mwaka uliopita ni wangapi? Mwalimu hulipwa kila mwezi, au hulipwa minervali inapoingia? Mwenye shule ambaye hana fungu lingine humlipa mwalimu wake kwa kuchelewa kama serikali, na katika shule ya namna hiyo mtoto hurudishwa nyumbani katikati ya mtihani kwa sababu ya deni. Hivyo mzazi huikuta tena ndani ya shule ya binafsi ile shida iliyomkimbiza shule ya umma.

Lakini kabla ya maswali hayo mzazi husikiliza. Anaposimama uani wakati wa mapumziko, husikiliza watoto wanasema lugha gani. Mabango yaweza kudanganya, na matokeo ya mtihani yaweza kupambwa. Kifaransa cha mtoto wa miaka 7 ni ushahidi anaoweza kuupima yeye mwenyewe, hata kama Kifaransa chake ni kidogo. Wenye shule walilielewa jambo hilo mapema. Wakaongeza darasa la watoto wadogo la Kifaransa kitupu, na katika baadhi ya shule mtoto anayesema Kiswahili uani huadhibiwa. Haitakuwa sawa kumlaumu mzazi hapa. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa, sekondari ni ya Kifaransa, na ofisi ni za Kifaransa. Isimu yaweza kumwambia kwamba mtoto husoma haraka zaidi katika lugha aijuayo, naye atakubali, kisha atauliza ni shule ipi, kati ya zile zilizopo mtaani, inayofundisha hivyo na kufaulisha. Mpaka sasa wanaisimu hawana shule ya kumwonyesha.

Mwadingusha yaonyesha upande mwingine wa jambo hilo. Shule ya binafsi huishi kwa idadi ya wanaolipa, kwa hiyo hufuata watu wengi wenye kipato. Mahali pa wavuvi, wakulima na wafanyakazi wachache wa mitambo ya umeme, ambayo tangu miaka ya 1970 iko chini ya SNEL, hapawezi kulisha shule kadhaa zinazoshindana. Kuchagua, kwa mzazi wa huko, maana yake ni kumtoa mtoto nyumbani na kumweka Likasi kwa shangazi au kwa mjomba. Bei ya kweli ya shule yake ya binafsi ni minervali, na chakula cha mtoto, na mikono yake iliyopungua shambani, na lugha moja zaidi inayobaki nyuma. Mtoto wa mjini akienda shule ya Kifaransa huacha Kiswahili mlangoni na kukikuta tena saa 7 mchana. Mtoto wa Lufira huacha Kisanga kwa mwaka mzima.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliitaja elimu ya msingi katika shule za umma kuwa ya lazima na ya bure, na kuhesabu Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Ile ya bure ilingoja hadi mwezi Septemba 2019, wakati serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilipofuta malipo ya wazazi katika shule za msingi za umma. Mwendo uligeuka tena, kama mwaka 1954: watoto waliondolewa shule za binafsi na kupelekwa za umma, na wenye shule wengi waliona madarasa yao yakibaki nusu. Kisha madarasa ya umma yakafurika, yakafungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, na mwezi Oktoba 2021 walimu wa shule za kikatoliki wakagoma. Katika shule moja mwalimu mmoja alikuwamo katika orodha ya mishahara ya serikali na mwenzake wa darasa la jirani hakuwamo, naye hakuruhusiwa tena kupokea primu. Waliokuwa na uwezo walirudi kwenye mabango.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, iliyochukua nafasi ya ile ya 1986, yasema kwamba Kifaransa ni lugha ya kufundishia, na kwamba lugha za taifa au za mazingira hutumika kufundishia na kufundishwa, kwa namna itakayowekwa na kanuni. Yawahusu wote, shule za umma na za binafsi. Katika shule ya umma iliyojaa, mwalimu hufundisha kwa Kiswahili kila siku, kwa sababu hana njia nyingine ya kueleweka na watoto 80. Hufanya hivyo bila kitabu, na mkaguzi akiingia hurudi kwenye Kifaransa. Katika shule ya binafsi ya Likasi, Kiswahili hufika mlangoni pamoja na mzazi anayekuja kulipa, na mazungumzo juu ya deni hufanyika kwa lugha hiyo.

Mwaka 2021 ukarabati wa mitambo ya Mwadingusha ulikamilika, kwa mapatano kati ya SNEL na kampuni inayochimba shaba huko Kamoa, karibu na Kolwezi. Nguvu yake sasa ni megawati 78 hivi. Nyaya huupeleka umeme magharibi, kupitia Likasi. Kila mwezi Septemba, njia hiyohiyo ya magharibi hufuatwa na watoto wenye mabegi.